Nyumba ya Urithi na Haki ya Jirani

Kila aliyekulia Dar es Salaam aijua nyumba ya Kiswahili hata akifumba macho. Mbele pana baraza na mlango mmoja. Ukiingia, ukumbi wakupeleka moja kwa moja hata uani, na vyumba vitatu viko mkono wa kulia na vitatu mkono wa kushoto. Uani pana jiko, bafu, choo, na kamba ya kuanikia nguo. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili pamoja na watoto wake, na vilivyobaki hupangisha. Mtoto wa mpangaji na mtoto wa mwenye nyumba hula sinia moja, na mgonjwa wa chumba cha mwisho khabari zake hufika chumba cha kwanza kabla jua halijapanda.

Nyumba hii ndiyo iliyoijenga Kariakoo, na nyumba hii ndiyo inayokwisha Kariakoo. Mwezi huu, ndugu wasomaji, tumependa tuizungumze khabari yake. Si kwa kuulilia udongo na mabati, kwani udongo na mabati havikuumbwa vidumu, bali kwa sababu nyumba inapoondoka huweza kuondoka na haki za watu, na haki hizo Mwenyezi Mungu atatuuliza.

Mtaa ulivyoanza

Viwanja vya Kariakoo vilipimwa na Wajerumani karibu na Vita Kuu vya Kwanza, ili Waafrika wa mji wakae huko, magharibi ya Mnazi Mmoja. Vita vikaingia. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, mahali hapo pakakaliwa na wapagazi wa jeshi lao, na jina la kikosi chao, Carrier Corps, likageuka katika vinywa vya watu likawa Kariakoo. Baada ya vita viwanja vikajengwa nyumba za vyumba sita, mtaa baada ya mtaa: Msimbazi, Swahili, Sikukuu, Mchikichi, Congo, Narung'ombe, Mkunguni na mingine. Eneo la wazi la Mnazi Mmoja likabaki kuwatenga wenyeji hao na mitaa ya Wahindi na Wazungu.

Wenye nyumba hizo wengi walikuwa Waislamu wa kazi ndogo ndogo: mafundi, wachuuzi, mabaharia, makarani, na wanawake waliojenga kwa fedha zao wenyewe walizozikusanya kidogo kidogo. Kwa mjane, nyumba ya vyumba sita ilikuwa ndiyo shamba lake. Hakulima wala hakupalilia, lakini kila mwisho wa mwezi alivuna kodi, akalisha wajukuu na akalipa ada ya chuo cha Kurani. Katika mitaa hiyo hiyo ilisimama misikiti na madrasa zilizosomesha vijana waliokuja kuwa masheikh wa mji na viongozi wa nchi.

Hesabu ya watu

Sasa tutazame hesabu, kwani hesabu haina mapenzi wala chuki. Mwaka 2002 Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 2,487,288. Mwaka 2012 walikuwa 4,364,541. Mwaka 2022 wakawa 5,383,728. Katika miaka kumi ya mwisho peke yake waliongezeka watu 1,019,187. Milioni moja ya watu wametafuta mahali pa kulaza ubavu katika mji huu kwa muda wa kumtoa mtoto darasa la kwanza hata kidato cha tatu.

Je, watu hao wamekaa wapi? Wilaya ya Ilala, ambayo Kariakoo ni kitovu chake, ilikuwa na watu 1,220,611 mwaka 2012, na mwaka 2022 ikawa na watu 1,649,912. Nyongeza ya watu 429,301, nayo ni kubwa kuliko ya Kinondoni ya zamani na ya Temeke ya zamani, kila moja peke yake. Lakini asidhani mtu kuwa umati huo ulijibana Kariakoo. Ilala ni ndefu. Yatoka ufukoni ikaenda hata Gongo la Mboto, Pugu, Kivule, Msongola na Chanika, na huko ndiko mashamba ya mikorosho na mihogo yalikogeuka kuwa viwanja. Upande wa Temeke watu wamejaa Mbagala na Chamazi. Upande wa kaskazini wamefika Bunju. Daraja la Kigamboni lilipofunguliwa mwaka 2016, ng'ambo ya bahari nayo ikawa mji.

Na Kariakoo yenyewe? Imepanda juu. Penye nyumba ya vyumba sita pana ghorofa sita, nane, au zaidi. Chini maduka, katikati maghala, na juu kabisa vyumba vya kulala watu. Chumba alimozaliwa mtu leo ni duka la vitenge au la vyombo vya umeme. Hapana ubaya katika biashara, nayo ni kazi aliyoifanya Mtume (S.A.W.) mwenyewe kabla ya utume. Lakini duka halilei mtoto, na ghala halimwamshi mtu kwa Sala ya Alfajiri.

Anayetaka ushahidi na aende misikitini. Adhuhuri ya siku ya kazi, misikiti ya Kariakoo hufurika hata watu wakasali barabarani juu ya maboksi. Arudi Alfajiri, atakuta safu chache, na walio wengi ni wazee. Mwenye duka kesha kwenda zake Mbagala na Chanika tangu jana magharibi. Mtaa umekuwa na watu wengi mchana kuliko wakati wo wote, na usiku umekuwa na wenyeji wachache. Huo ndio mgeuko wenyewe, na ndani yake mna jambo linalotuhusu sisi Waislamu zaidi ya wengine, nalo ni namna nyumba zile zilivyotoka mikononi mwetu.

Nyumba hutokaje?

Mara nyingi haitoki kwa dhuluma ya mtu wa mbali. Hutoka kwa matanga. Baba hufa, ameacha mjane na watoto watano, na nyumba moja. Arobaini haijatimia, dalali huwa kesha kupita barazani mara tatu, na kila apitapo bei hupanda. Kijana humwambia mama yake, "Mama, nyumba imechoka, mabati yavuja. Tuuze tugawane, kila mtu akajenge kwake." Mama hujibu, "Mwanangu, mimi nitakwenda wapi?" Naye humjibu, "Utakaa kwangu, mama." Na huenda kijana asema kweli siku hiyo. Lakini ahadi ya siku ya kuuza si mkataba, na mke wa mwana hakuwapo ahadi ilipotolewa.

Sisi hatusemi kuuza ni haramu. Nyumba ni mali, na mwenye mali ana hiari na mali yake. Tunalolisema ni kwamba katika kuuza huku kuna makosa matatu yanayorudiwa mtaa kwa mtaa, nayo ndiyo yanayowatoa wajane vyumbani mwao na kuwafarakanisha ndugu wa tumbo moja.

Kosa la kwanza: kuuza kabla ya kujua mafungu

Mwenyezi Mungu hakumwachia mwanadamu kazi ya kugawa urithi kwa kukadiria. Ameitaja mwenyewe katika Suratun Nisaa, Aya ya 11 na ya 12, fungu kwa fungu. Kabla ya urithi hutolewa gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiopita thuluthi. Linalobaki ndilo la kugawanywa.

Tuchukue mfano. Mtu amekufa, ameacha mke mmoja, wana watatu na binti wawili, na hana mrithi mwingine. Mke ana thumuni kwa kuwa marehemu ana watoto; kinachobaki ni cha watoto, mwana wa kiume fungu la binti wawili. Ukitaka hesabu isiyo na kipande, igawe nyumba mafungu 64: mjane 8, kila mwana 14, kila binti 7. Basi nyumba ikiuzwa shilingi milioni 640, mjane ana milioni 80, kila mwana milioni 140, na kila binti milioni 70. Hili ni jambo la kuandikwa katika karatasi moja na kusomwa mbele ya wote kabla dalali hajakaribishwa chai.

Lakini yanayofanyika siyo hayo. Binti aliyeolewa mbali huambiwa, "Wewe una mumeo," akapewa kanga na nauli. Mjane huambiwa fedha zake zitatunzwa na mwanawe mkubwa. Na yule aliyethibitishwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi hujiona ndiye mwenye nyumba. Ndugu zetu, msimamizi wa mirathi ni mwenye amana, si mrithi mkuu. Kazi yake ni kukusanya, kulipa, kugawa, na kurudisha hesabu mahakamani. Akila fungu la dada yake amekula haramu, hata kama dada huyo alitia sahihi kwa haya.

Kosa la pili: kudhani nyumba isiyokatika haina budi kuuzwa

Watu husema, "Vyumba sita, warithi sita, choo kimoja, itagawanywaje?" Hawajui kwamba sharia yaruhusu warithi kuwa washirika bila ya kuikata mali. Mafungu yale yale 64 huweza kubaki katika nyumba iliyosimama. Ikipangishwa kwa shilingi 640,000 kwa mwezi, baada ya kutoa matengenezo na kodi za serikali, kilichobaki hugawanywa kwa mafungu hayo hayo, mjane 8 katika 64, na kila mmoja kwa kadiri yake. Yatakikana daftari, mtu mmoja mwaminifu wa kukusanya, na siku ijulikanayo ya kugawana. Mali iliyouzwa humpa mrithi fedha mara moja. Mali iliyobaki humpa kila mwezi, na humpa mjane kitu kikubwa zaidi, yaani mlango wake mwenyewe.

Na iwapo mshirika mmoja ana shida na ataka kuuza fungu lake, Uislamu umeshaweka njia. Imepokewa na Jabir bin Abdillah (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alihukumu haki ya shufaa katika mali isiyogawanywa, na akamkataza mshirika kuuza kabla ya kumwarifu mwenziwe. Maana yake, ndugu zake wana haki ya kulinunua fungu hilo kwanza, kabla ya mgeni, kwa bei ile ile. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu twayafuata, haki hiyo ni ya mshirika. Mahanafi wao wameifikisha hata kwa jirani wa ukuta. Laiti familia zetu zingeikumbuka shufaa, nyumba nyingi zingepita kutoka kwa ndugu kwenda kwa ndugu, wala zisingepita barazani kwa dalali.

Kosa la tatu: mkataba wa mdomo

Siku hizi wako wasiouza. Wao hutoa kiwanja, na mjenzi hutoa fedha. Ghorofa ikisimama hugawana, au mjenzi huitumia miaka kadha wa kadha kisha humrudishia mwenyewe. Mapatano haya yaweza kuwa na kheri, na tangu mwaka 2008 nchi yetu ina sheria inayomwezesha mtu kumiliki sehemu moja ya jengo na kuwa na hati yake. Kwa hiyo mjane aweza kuwa na chumba chake ghorofani kwa hati, si kwa hisani.

Lakini mapatano haya hufanywa na watu wawili wasiolingana: mmoja ana wakili, mwingine ana imani. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ndefu kuliko zote katika Kurani, imekuja kutufunza kuandika deni na kuweka mashahidi; basi itakuwaje tutoe kiwanja cha babu kwa maneno? Na yaandikwe haya: ghorofa ngapi ni za nani, na ni zipi, mama atakaa wapi miaka ya ujenzi, na kodi yake italipwa na nani, kazi itakwisha lini, na isipokwisha itakuwaje, na hati zitatoka kwa majina ya nani. Warithi wote watie sahihi, mabinti wakiwamo, na karatasi isomwe kwa Kiswahili.

Tena na waulize juu ya nguvu ya jengo. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa moja ilianguka Kariakoo mchana kweupe, ikafukia wafanya biashara na wanunuzi, na watu wengi wakafa. Mwenyezi Mungu awarehemu. Tangu siku ile hapana mwenye kiwanja anayeweza kusema kuwa kibali cha ujenzi na mhandisi ni mambo ya mjenzi peke yake. Roho za watu si za mjenzi peke yake.

Fungu lisilouzwa

Kuna mlango mwingine ambao wazee wetu waliujua sana, nao ni wakfu. Seyyidna Umar (R.A.) alipopata ardhi nzuri Khaibar alimwendea Mtume (S.A.W.) kumwuliza aifanyeje. Akashauriwa auzuie mwili wa ardhi na atoe mazao yake sadaka. Basi ikawa haiuzwi, wala haitolewi zawadi, wala hairithiwi. Misikiti mingi ya pwani yetu imesimama kwa nyumba na mashamba ya namna hiyo.

Mwenye nyumba aliye hai na mwenye afya aweza leo kuweka wakfu duka moja la chini, ili kodi yake imlipe mwalimu wa madrasa. Aliyechelewa na kutaka kulifanya katika wasia asipite thuluthi, asije akawafukarisha warithi wake kwa kutafuta thawabu. Na warithi waliokwisha kugawana waweza kila mmoja kutoa kidogo katika fungu lake. Mtaa unaohamwa na waumini wake wahitaji wakfu kuliko mtaa uliojaa, kwani misikiti ile ya Kariakoo ilikuwa ikitazamwa na majirani, na majirani sasa wako mbali.

Na huko tulikohamia?

Tusiwasahau milioni moja waliokwenda pembeni. Kutoka Chanika hata Kariakoo ni zaidi ya kilomita 20. Baba huondoka kabla ya watoto kuamka na hurudi wamelala. Nyumba mpya ni nzuri. Ina choo ndani, ina umeme, na ina ukuta mrefu wenye geti la chuma. Lakini ukuta huo umefanya kazi ambayo ukumbi wa nyumba ya vyumba sita haukuifanya: umemficha jirani. Twajua watu waliokaa miaka mitatu bila ya kulijua jina la mtu wa geti la pili.

Mwenyezi Mungu, katika Aya ya 36 ya Suratun Nisaa, ameamrisha wema kwa jirani wa karibu na jirani wa mbali, na amelitaja jambo hilo pamoja na kuwatendea wema wazazi wawili. Mtume (S.A.W.) alieleza kuwa Jibrili hakuacha kumuusia jirani hata akadhani kuwa atampa urithi. Na Abu Dharri (R.A.) aliusiwa kwamba apikapo mchuzi azidishe maji yake, awaangalie na majirani zake. Hapana ndani ya maneno hayo kusema kuwa jirani ni yule mliyeshirikiana uani tu. Uani umekwisha, amri haikwisha.

Wala asivunjike moyo aliye mbali na msikiti. Watu wa kabila la Bani Salima wa Madina walitaka kuhama makwao wakae karibu na msikiti wa Mtume (S.A.W.), naye akawaambia wakae pale pale walipo, kwani hatua zao huandikwa. Basi hatua za kijana wa Kivule au Chamazi, anayetembea kwenye mchanga kabla ya mapambazuko kwenda kusali katika banda la mabati, zina thamani kuliko anavyodhani.

Kwenu ninyi vijana, khasa, twasema haya. Mtaa mpya hauna wazee wa mtaa. Ninyi ndio mtakaokuwa wazee wake. Anzeni kwa mambo manne mepesi. Jueni majina ya watu wa nyumba saba zilizowazunguka. Anzisheni darasa la watoto hata chini ya mwembe, kabla ya kungojea jengo. Akifiwa mtu, hata kama si wa dini yenu, mwendeeni. Na mara moja kwa mwezi rudini mtaa wa zamani mkawaamkie wazee waliobaki, kwani wako kina mama waliokuwa na wapangaji watano ukumbini, na leo hawana wa kuwapokea ndoo ya maji.

Na kwenu ninyi wazazi mlio hai, msiwaachie watoto wenu kitendawili. Andikeni madeni yenu, andikeni wasia wenu, waiteni wanenu wa kiume na wa kike wakae pamoja siku moja, mkiwa na nguvu na akili zenu, muwasomee mafungu. Nyumba ya vyumba sita iliwakusanya watu wengi mkiwa hai. Ni msiba mkubwa ikiwa itawatawanya siku mtakapozikwa.

Miji hugeuka, na itageuka tena. Ghorofa zilizopo nazo zitachoka, na wajukuu wa wajukuu watatafuta mahali pengine. Hatukuombwa kuuzuia mji usigeuke. Tumeamrishwa kwamba katika kugeuka kwake, mwenye fungu apewe fungu lake, mjane asitolewe mlangoni pake, na jirani asilale na njaa pembeni mwa ukuta wetu.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kutenda tuyajuayo, awarehemu waliotujengea, na azitie baraka nyumba zetu, za zamani na mpya. Amin.